Kigari Cheupe na Wabunge wa Kusimama

Magazeti ya Kinshasa hutufikia kwa ndege, na yakifika, habari zake tumekwisha kuzisikia kwenye simu. Hata hivyo muuzaji wetu huyapanga chini kando ya barabara, anaweka jiwe juu ya kila moja lisipeperuke, nasi tunasimama. Wanunuzi ni wachache. Tuliobaki tunasoma vichwa vya habari bure, mikono nyuma, halafu tunaanza kubishana. Mjini kwetu watu wa namna hii huitwa wabunge wa kusimama. Wale wengine, waliochaguliwa, wanakaa. Tukiwaona kwenye televisheni wengi wao wamelala.

Nilianza kusimama pale baada ya redio niliyokuwa nikiifanyia kazi kufungwa. Miaka mingi nilikuwa nimeandaa taarifa ya habari ya Kiswahili, na mazoea ya kazi hayakuniacha. Mtu akisema "wanasema", mimi huuliza: nani anasema? Alikuwapo? Alimwambia nani wa kwanza? Mwanzoni niliwachosha. Baadaye wakanipa kazi isiyo na mshahara: wawili wakibishana hadi mate yakaruka, walinigeukia. "Vié," yaani mzee, "sema wewe." Na nikisema sijui, waliamini kwamba kweli sijui. Sikuwa na mali nyingine kubwa kuliko hiyo.

Haikuwa rahisi kuipata. Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Mimi nimezaliwa hapa mjini, mtaa wa Katuba, nimesoma Katuba, nimezika wazazi wangu nikitokea Katuba. Lakini katika mji huu mtu wa asili ya Kasai akifungua mdomo juu ya siasa, wasikilizaji wanatazama kwanza babu yake alitoka wapi. Inasemwa siku hizi kwamba madaraka yako mikononi mwa watu wa kwetu. Kwetu huko sijawahi kukaa hata mwezi mmoja. Mwenzangu wa hapa akikosea, amekosea yeye. Mimi nikikosea, ni "bale bantu", wale watu wa Kasai, waliokosea. Kwa hiyo nilipima kila neno, na baada ya muda watu wakasahau babu yangu wakasikiliza nilichosema.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini. Anauza maharage kwa jumla na ana sehemu katika malori mawili. Mji wao umechukuliwa na waasi, na mdogo wake wa kike alibaki huko. Yeye hakusoma vichwa vya habari juu ya mawaziri. Macho yake yalipita kwenye karatasi yakitafuta jina la mji wake tu, kisha ananivuta pembeni.

"Ndugu yangu, hii ya leo ni ya kweli?"

"Nusu yake. Mapigano ni ya kweli. Hiyo ya kusema wanarudi nyuma, aliyeandika hakuwa huko."

"Basi." Anaondoka kwenda kufungua duka lake. Nadhani kila siku alikuja kwa ajili ya hilo jibu tu.

Msimu ule habari iliyotawala ilikuwa kubadilisha Katiba. Nilisema maoni yangu wazi, na sijayaacha. Nyumba inaungua upande wa mashariki, na wenye nyumba wamekaa sebuleni wanajadili kuandika upya hati ya kiwanja. Katiba yetu haijawahi kumzuia mtu kuiba, wala kumnyima askari haki ya kulipwa mshahara wake, wala siyo inayokata umeme Katuba kila jioni watu wakitaka kupika. Kitu kimoja tu inakizuia: mtu kukaa kwenye kiti bila kikomo. Basi anayetaka kuibadilisha aniambie amezuiwa nini kingine. Na hawa wapinzani wanaoilia machozi leo, baadhi yao waliikanyaga wenyewe walipokuwa bado na viatu vya madaraka. Sikuwa na upande. Niliona watu wawili wanagombea usukani wa gari lisilo na mafuta, nasi abiria tunaambiwa tupige makofi.

Nilisema hivyo, wakacheka, wakanipigia makofi. Wiki iliyofuata nilinunua gari.

Niseme vizuri: mke wangu alinunua gari. Anauza vitenge sokoni, na yeye na wenzake wana likelemba. Kila mmoja hutoa fungu lake, na zamu ikifika, mmoja anachukua yote. Likelemba ziko kila mtaa, lakini yao ina sheria ambayo sijaiona kwingine. Hakuna anayeruhusiwa kusema nje kwamba zamu yake imefika, wala kwamba chama hicho kipo. Zamani mmoja wao aliwaambia majirani, na kabla juma halijaisha wezi wakavunja mlango, wakampiga, wakachukua kila kitu. Tangu hapo huapa mbele ya Biblia. Mume anaweza kuona, hawezi kusema. Anayevunja anatolewa, na alichoweka hakirudi. Wana msemo wao: pesa ya likelemba haina mama, yaani haitaji ilikozaliwa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, usukani kulia kama mengi yanayotoka Japani na kupita Dar es Salaam na Zambia hadi kwetu, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Lilikuwa limetumika huko, lakini kwetu likishuka tu huitwa jipya. Viti vilikuwa bado na nailoni, na mke wangu akakataza isitolewe. Ukiwasha, mwanamke ndani ya dashibodi anasema maneno matamu ya Kijapani ambayo hakuna anayejua maana yake. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya huko, kwa hiyo stesheni zetu karibu zote haishiki. Nilikizungusha kitufe chake siku nzima nikapata wimbo mmoja wa kanisa na mvumo. Mimi, mtu wa habari, nikawa na gari lisilosikia habari.

Mke wangu alilitaka kwa mizigo yake ya vitenge. Asubuhi nampeleka sokoni, kisha napita kwenye magazeti. Siku ya kwanza niliegesha mbali kidogo, kwa aibu tu ya mtu asiyezoea. Kuegesha mbali kulikuwa kosa. Walikwisha kuniona.

Nilipofika mabishano yalikatika. Fundi wa friji, ambaye ndiye mcheshi wetu, akavua kofia yake akainama.

"Mufungue njia, mufungue njia! Mukubwa anafika!"

"Acha mchezo," nikasema.

"Mi minacheza? Juma moja tu inapita, ulisema abiria bapige makofi. Leo uko na usukani! Bale bengine, bakubwa banabalisha bukari na nyama, wewe banakulisha magurudumu."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilingoja kicheko kiishe, kisha tuendelee na habari ya siku ile. Kicheko kikaisha na hakuna aliyeendelea.

"Balikupatia kwa kusema nini?" akauliza mwingine, bila kucheka. "Ama ni kwa kunyamaza?"

"Hakuna aliyenipa. Ni gari la nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo nilikuwa na jibu fupi, la kweli, na sikuweza kulitoa. Nikasema, "Nyumbani kwangu," na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikatambua ninavyosikika. Nimehoji watu wengi waliosema vile, kwa sauti ile ile, na sikumwamini hata mmoja.

Kuna desturi pia niliyoivunja. Kwetu kitu kipya hunyweshwa. Ukinunua gari unaita watu, unaweka bia na soda, unamwaga kidogo kwenye tairi, mtu anaomba, kila mmoja anapiga mlango makofi na kusema Mungu akuongezee. Hapo ndipo wivu unapokufa, au angalau unaposhiba. Lakini mke wangu na wenzake walikataa sherehe yoyote, maana kwenye sherehe watu huuliza. Gari langu halikunyweshwa hata tone. Na gari lisilonyweshwa, kila mtu anajua, ni gari ambalo mwenyewe hataki asili yake ijulikane.

Rafiki yangu wa Kivu alisubiri wengine waondoke.

"Ndugu, mimi sicheki. Niambie tu. Gari limetoka wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, ama hutaki?"

"Siwezi. Lakini si la mtu wa siasa."

Akatazama chini kwenye magazeti. "Wewe ulitufundisha. Mutu akisema kitu, tumuulize: nani? Sasa mimi nauliza nani, na wewe unaniambia siwezi."

Akaondoka bila kuuliza kama habari ya siku ile ilikuwa ya kweli.

Jioni nilimwomba mke wangu. Nilimwambia ni mtu mmoja tu, si msemaji, ana siri kuliko jiwe. Alikuwa anakunja vitenge, hakuinua kichwa.

"Papa, ule muntu iko na bibi?"

"Mke anaye."

"Bibi yake iko na midomo?"

"Bila shaka."

"Njo vile inaanzaka." Akaweka kitenge juu ya vingine. "Heshima yako iko ya kweli, minajua. Lakini iko ya kusimama pembeni ya barabara na kuongea. Ile ya bamama iko ya kula. Kuko mwenye zamu yake inakuya, anangojea kulipa operasyon ya mutoto. Nikisema mimi leo, yeye banamuvunjia mulango kesho. Utaandika habari yake?"

Alisema haki. Nimetafuta udhaifu katika maneno yale mara nyingi, kwa mazoea ya kazi, na sikuupata.

Baada ya hapo nilijifunza jinsi mtu anavyopoteza neno lake. Halichukuliwi kwa nguvu. Nilisema Katiba isiguswe; fundi wa friji akamkonyeza jirani yake: "Anajificha, ili tusijue." Siku nyingine nikakaa kimya, wakasema nimekatazwa. Nikasema upinzani nao umekosea, ikawa wazi kabisa nani ananilipa. Nikasema serikali imekosea zaidi, ikawa basi ninalipwa na tajiri fulani wa upinzani aliye nje ya nchi. Na chini ya yote, babu yangu alirudi. Hakuna aliyemtaja, lakini nilimwona akisimama pale kati yetu. Sentensi zangu zilikuwa zile zile, ila kila moja sasa ilikuwa na magurudumu manne chini yake.

Sikuwachukia. Katika nchi hii, mtu wa umri wangu asiye na kazi akipata gari wakati wa msimu wa siasa, mara tisa kati ya kumi amekula pesa ya wanasiasa. Ningekuwa mwandishi wa habari yangu mwenyewe, ningeandika kama wao.

Kisha siku moja asubuhi rafiki yangu wa Kivu alikuja nyumbani. Hakuwahi kuja bila kupiga simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Mdogo wake alikuwa ametoka kule mjini mwao, amepita nchi za jirani kwa basi, siku nyingi barabarani, hadi mpakani kwetu na Zambia. Upande wetu maafisa wamemshika. Wanasema ametoka mji wa waasi, lazima aulizwe maswali. Amelala ofisini kwao sakafuni.

"Twende na motokari yako," akasema. Halafu akasema kilichomleta: "Ongea na bakubwa bako. Mimi sitauliza tena ni nani. Sitasema kwa mutu. Niongelee tu."

"Sina wakubwa. Nakuapia."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye maji anayesema hana maji.

"Sawa. Twende tu," akasema.

Mke wangu alitupa chupa ya maji na mikate. Niliwasha gari, mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, rafiki yangu akakaa kushoto, mahali ambapo kwetu hukaa dereva, mguu wake ukitafuta breki kila lori lilipotujia. Nailoni ya kiti ililia chini yake kila alipojigeuza. Njia nzima malori ya shaba yalikuwa yamepanga mstari, madereva wamelala chini yao kwenye vivuli. Tulizungumza kidogo sana. Alisema mdogo wake anaogopa mbwa. Baada ya muda mrefu akasema tena: anaogopa mbwa, na hapo ofisini kuna mbwa.

Mpakani tulisubiri hadi jua likawa juu ya vichwa. Aliyetupokea alikuwa afisa mnene mwenye sauti ya upole, na hakututukana hata mara moja. Rafiki yangu alieleza. Mtu yule akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe papa, uko nani kwa uyu mwanamuke?"

"Mimi ni rafiki wa kaka yake."

"Rafiki." Alilisema neno hilo kama mtu anayepima kitu chepesi mkononi. "Barafiki beko bengi hapa. Uko muntu wa nani?"

Rafiki yangu alinigeukia. Sikuwahi kutazamwa vile na mtu mzima. Alikuwa na hakika kabisa kwamba ufunguo uko mfukoni mwangu na kwamba ninaona haya kuutoa mbele yake. Nyuma ya ukuta tulisikia mbwa akibweka. Nikasema:

"Mimi ni mtu wa chama."

Nilisema pia ni chama gani, kile kikubwa kinachotawala. Nilisema kwa sauti ya redio, ile niliyosomea habari miaka yote ile. Rafiki yangu akafumba macho akashusha pumzi.

Mtu wa mpakani akasimama, akaenda dirishani, akatazama nje.

"Ile ndogo nyeupe, njo yako?"

"Ndiyo."

Akacheka, si kwa ubaya. "Papa. Bantu ba chama banakuyaka hapa na jeep. Na mbele ya kufika, telefone yangu inalia. Wewe unakuya na kisanduku ya biberiti, na telefone inanyamaza." Akarudi kukaa. "Murudie nyumbani. Tukimaliza kumuuliza, tutabaita."

Hawakutuita. Baada ya siku kadhaa walimrudisha upande wa pili, na sasa anakaa Zambia kwa familia ya mchungaji mmoja, anafua nguo, anasubiri. Anasubiri nini, hata yeye hajui. Kila ninaposikia kiongozi akisema kwenye simu kwamba taifa ni moja na halitagawanyika, namfikiria yule dada ambaye taifa moja lilimuuliza maswali kwa kuwa ametoka katika taifa hilo hilo.

Lakini siku ile, tukirudi, bado hatukujua hayo. Jua lilikuwa linashuka upande wetu. Niliendesha polepole, nikipanga maneno. Nilitaka kumwambia nilidanganya. Kwamba sentensi ile niliiokota pale pale kwa sababu ya mbwa. Niliipanga sentensi ya kweli kama nilivyokuwa nikipanga taarifa: nani, wapi, kwa nini. Na nilipofika kwenye "gari lilitoka wapi", ikakatika mahali pale pale. Bila sehemu ile, iliyobaki haikuwa na miguu.

Rafiki yangu ndiye aliyeanza.

"Aksanti," akasema.

"Sikufanya kitu."

"Ulijaribu. Na ulisema." Alikuwa anatazama barabara. "Ilinisumbua sana, ndugu. Si sababu ya kula. Nani asiyekula? Ni kwamba ulinificha mimi. Leo angalau ulisema kweli mbele yangu."

"Sikiliza, nilidanganya pale."

Akanipiga begani taratibu, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Hapana kuanza tena. Imeisha."

Nilimshusha mbele ya duka lake. Aliufunga mlango kwa uangalifu, maana ni gari jipya.

Bado nampeleka mke wangu sokoni na bado napita kwenye magazeti. Katiba bado inajadiliwa, mashariki bado kunawaka, umeme unakatika. Neno nililosema mpakani limewafikia, sijui kwa mdomo wa nani; wananipisha nafasi mbele, karibu na karatasi, na fundi wa friji haniinamii tena kwa mzaha. Ananisalimu kwa adabu, na juzi aliniuliza kama nafasi za kazi zitatoka kabla ya uchaguzi. Rafiki yangu anakuja mara moja moja. Anatafuta jina la mji wake kwenye vichwa vya habari, analiona au halioni, anaondoka. Na mimi nikitoa maoni yangu, wote wanaitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, ni kweli. Hakuna anayebisha.